Tuachieni wauguzi wa moyo, na saa mbili kila mwezi: barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo,
Kwa madaktari wakuu wa zoni za afya za Lubumbashi,
Kwa wakurugenzi wa hospitali na wakurugenzi wa uuguzi,
Kwa viongozi wa Ordre ya Wauguzi katika jimbo letu,

Baba zetu na mama zetu katika kazi,

Tunawasalimu kwa heshima. Mimi ni katibu wa tawi la Lubumbashi la wauguzi wanaohudumia wagonjwa wa moyo na mishipa ya damu. Baadhi yenu mnatujua, maana ni sisi tunaowaandikia kuomba ukumbi wa mkutano, na mara kadhaa mmetupa, tunashukuru. Leo ombi ni lingine. Tunaomba muuguzi aliyekwisha kujifunza kazi ya moyo aachwe kwenye kazi hiyo kwa muda usiopungua miaka 3 kabla ya kuhamishiwa huduma nyingine. Na saa mbili anazokaa na wenzake wa tawi kila mwezi, tunaomba zihesabiwe kuwa saa za kazi.

Naandika mbele ya watu wote kwa sababu jambo hili likiletwa ofisini na muuguzi mmoja mmoja, linaonekana ni lake binafsi: hataki kuhama, amezoea, anakwepa zamu za usiku. Anayeumia hayumo ofisini siku hiyo. Mgonjwa wa moyo haagi hospitali. Anarudi mwezi ujao na mwaka ujao, na kila akirudi anahitaji kumkuta mtu anayejua walipoishia.

Nitawapa habari ya mama mmoja, muuza mboga, mwenye vali ya chuma moyoni. Mtu wa namna hiyo anakunywa warfarini maisha yake yote, ili damu isigande kwenye ile vali. Dawa ikizidi, anatokwa damu. Ikipungua, damu inaganda, na kipande kikipanda kwenye ubongo anapooza. Kipimo kinachotuongoza, cha kuonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinaitwa INR, na kwa vali ya chuma iliyo mahali pa mitral, mlango wa upande wa kushoto wa moyo, tunataka kibaki kati ya 2.5 na 3.5. Muuguzi aliyemfuatilia alikuwa na daftari lake: tarehe, INR, dozi, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, mboga alizokula wiki hiyo. Kisha ukaja mzunguko wa wafanyakazi, muuguzi akapelekwa upasuaji. Aliyeshika nafasi yake ni kijana mwenye bidii, lakini hakuna aliyempa hata asubuhi moja ya kukabidhiwa kazi.

Kijana alikuwa amesikia kwamba mboga za majani zinapingana na warfarini, na ni kweli: sombe, lengalenga na matembele zina vitamini K, nayo inapunguza nguvu ya dawa. Akamwambia mama aache sombe kabisa. Mama akatii. Sasa, dozi yake ilikuwa imepangwa kwa mtu anayekula bukari na sombe karibu kila siku. Sombe ilipotoka kwenye sahani, dawa ileile, kwa kipimo kilekile, ikawa kali kupita kiasi. Mama alirudi ameshika kitambaa mdomoni, fizi zinatoka damu tangu apige mswaki asubuhi.

Alichotakiwa kuambiwa ni maneno machache: kula sombe yako kama ulivyozoea, usizidishe wala usipunguze ghafla, na ukibadilisha chakula tuambie. Muuguzi wa kwanza angeyasema bila kufungua kitabu. Siku hiyo alikuwa jengo la pili, anapanga vyombo vya upasuaji. Sina lawama kwa kijana, wala kwa hospitali ile peke yake, kwa kuwa mzunguko wa namna hiyo upo karibu kila mahali katika mji huu. Unapangwa kwa nia njema, ili kila muuguzi ajue huduma zote. Kwa muuguzi anayeanza kazi, hata mimi ningeupanga hivyo. Lakini yule mwenye daftari la kalamu nyekundu alikuwa ameshapita hatua hiyo zamani.

Wakuu wetu, kazi hii haijifunzwi yote kwenye madawati ya ITM, shule ya sekondari ya uuguzi, wala ya ISTM, chuo cha juu. Shule inatupa msingi, na msingi ni mzuri. Mengine mtu anayapata kwa kukaa na mwenzake aliyeyafanya. Ndiyo sababu tulianzisha tawi, na naomba niwaonyeshe kinachofanyika humo, maana wengine wanadhani tunakutana kunywa soda na kupiga picha.

Chukueni sindano ya benzathini penisilini. Mtoto anaugua koo, bakteria wa streptokoka hatibiwi, na kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili inageuka na kuushambulia moyo wenyewe: ndiyo homa ya rumatizimu. Vali zinaharibika kidogo kidogo, mpaka msichana wa miaka 15 anashindwa kupanda ngazi za shule. Aliyekwisha kupatwa na homa hiyo anakingwa kwa sindano kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Na sindano hiyo inauma kwelikweli. Dawa ni nzito, inaziba sindano nyembamba, na mtoto aliyeumizwa mara ya kwanza, mara ya pili mama yake atamleta kwa kumvuta mkono. Mara ya tatu hatamleta.

Kwenye mkutano mmoja wa tawi, dada yetu wa kituo cha afya cha Ruashi alisimama akatuonyesha anavyofanya. Anaifumbata chupa ya dawa kiganjani mpaka baridi iishe. Anabonyeza kwa kidole gumba mahali atakapochoma, anahesabu mpaka kumi, ndipo anachoma. Halafu anasukuma dawa taratibu, dakika mbili au zaidi, huku anamuuliza mtoto habari za shule. Wauguzi wenye miaka mingi kazini walikuwa wanaandika. Hakuna mashine iliyonunuliwa, hakuna mgeni aliyelipiwa ndege.

Na kwenye sindano hiyohiyo kuna jambo zito zaidi. Mwezi Januari 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tahadhari kwamba baadhi ya vifo vinavyotokea muda mfupi baada ya sindano hii, ambavyo sote tulifundishwa kuviita mzio wa penisilini, vinaweza kuwa vinatokana na moyo wenyewe. Mgonjwa ambaye vali zake zimeharibika sana, au moyo wake umeshadhoofika, anaweza asihimili maumivu na kushuka kwa presha kunakofuata. Kwa mgonjwa wa namna hiyo wanashauri dawa ya kumeza ifikiriwe kwanza. Wengine wote, wale chakula kidogo na wanywe maji ya kutosha kabla, na wachomwe wakiwa wamelala. Mwenzetu mmoja aliisoma tahadhari hiyo, akaitafsiri, tukaijadili jioni nzima kwa Kiswahili na Kifaransa. Je, ilifika kwenye vituo vyetu kwa njia ya ofisi? Kama ilifika, wanachama wetu hawakuiona. Maji ya kunywa na kitanda cha kulalia havihitaji bajeti, vinahitaji muuguzi aliyeambiwa.

Niseme pia juu ya presha, kwa kuwa ndiyo kazi inayotujaza mikono kila siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima wa miaka 30 hadi 79 wenye shinikizo la juu la damu walikuwa bilioni 1.4 duniani mwaka 2024, na asilimia 44 yao hawajui kama wanalo. Sisi tunaowapima tuna deni la kuwapima sawasawa. Mgonjwa anatakiwa akae dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono uwekwe usawa wa moyo, asiongee. Arudiwe kupimwa, namba zote zikaandikwa. Katika foleni ya Jumatatu asubuhi, mama ameshuka kwenye basi, amepanda ngazi, amefungwa mkanda mdogo juu ya mkono mnene, mkono unaning'inia, na anaulizwa maswali huku mashine inapanda. Namba inayotoka imekuzwa na mkanda, na ngazi, na maswali. Mama anaondoka na vidonge vya maisha. Na yule mwenye presha ya kweli anaweza kupimwa kwa mashine ambayo mshale wake hausimami kwenye sifuri hata kabla ya kujazwa hewa.

Mashine za mshale zinahitaji kukaguliwa angalau kila miezi 6. Tawi lilianza kuwaomba wanachama walete mashine zao kwenye mkutano, tuzilinganishe na moja nzuri tuliyonayo. Nyingine zilitofautiana nayo kiasi cha kumtoa mtu kwenye uzima na kumtia kwenye ugonjwa, au kinyume chake. Tulizitia alama kwa plasta na kuwaandikia wenye nazo. Lakini mwanachama anayekuja kwa ruhusa ya kuombaomba hathubutu kubeba mashine ya hospitali na kutoka nayo getini. Mlinzi atamuuliza karatasi. Karatasi hiyo ni ninyi mnaoweza kuitoa.

Kwenye uzazi mambo ni yaleyale. Kuna ugonjwa wa moyo unaomshika mama katika mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua. Miguu inavimba, kikohozi hakikatiki usiku, hawezi kulala chali. Nyumbani watasema amerogwa. Kituoni, kama hakuna aliyeelezwa, atatibiwa malaria, kisha pumu, kisha ataandikiwa kipimo cha kifua kikuu, na wakati huo moyo unazidi kutanuka. Tuliwaalika wakunga kwenye tawi tukawaachia swali moja la kuuliza kila mama anayerudi na mtoto mchanga: unalala na mito mingapi? Mama anayesema ameanza kulala ameketi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tawi linaendeshwaje? Kwa michango yetu wenyewe. Katika mishahara inayochelewa, na kwa wenzetu ambao mpaka leo hawana hata namba ya utumishi wa serikali na wanaishi kwa sehemu ndogo ya mapato ya hospitali, kutoa franka za mchango na nauli ya kutoka Kampemba mpaka mjini ni jambo kubwa. Mweka hazina wetu anasoma hesabu kwa sauti kila mkutano kabla ya somo kuanza. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba A2, muuguzi mwenye diploma ya sekondari, ana haki sawa na A1 na A0, wenye elimu ya juu, na haikuwa rahisi, kulikuwa na waliotaka tawi liwe la wenye shahada tu. Nilipinga na ningepinga tena. Vituo vingi vya pembezoni vinashikiliwa na A2. Huyo ndiye wa kwanza kumwona mtoto mwenye koo na mama mwenye miguu iliyovimba. Tawi lisilo naye lingekuwa la kujipamba tu.

Kampuni ya dawa ilituletea barua ya kutulipia ukumbi na chakula kwa mwaka mzima, kwa sharti kwamba kila mkutano uanze na maelezo ya dawa yao ya presha. Tulikataa. Dawa za bei nafuu kama amlodipini na hidroklorotiazidi zinamtosha mgonjwa wetu mara nyingi, na mgonjwa anayeandikiwa dawa ya bei kubwa anainunua mwezi mmoja tu. Kukataa kuligharimu. Tangu hapo tunakaa popote tunapopata, hata darasani, wanafunzi wakishatoka.

Wengi wanafika kwenye mkutano wametoka zamu ya usiku, hawajalala. Wengine wanamlipa mwenzao awashikie zamu, kutoka mfukoni mwao, ili waje kujifunza namna ya kuwahudumia wagonjwa wa hospitali ileile. Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Muuguzi halipwi vizuri kwa kazi yake, kisha analipia ruhusa ya kuijua zaidi. Saa mbili kwa mwezi. Gawanyeni kwa siku, mtaona ni dakika chache kuliko zile tunazopoteza kutafuta ufunguo wa kabati la dawa.

Najua majibu mtakayotoa, kwa kuwa wengine wenu mmeshatupa ana kwa ana. Wafanyakazi ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana hatuwaombi mwongeze mtu. Tunaomba msimpoteze mliye naye. Mnapomhamisha muuguzi wa moyo, hospitali haibaki na mtu mmoja kila upande kama orodha inavyoonyesha. Kwa miezi kadhaa inakuwa na wanafunzi wawili: yeye kwenye huduma mpya, na mwenzake kwenye ile aliyoiacha. Jibu la pili ni upendeleo, kwamba huduma nyingine nazo zitadai zao. Zidai. Muuguzi wa watoto njiti na muuguzi wa kusafisha figo wanastahili hilohilo, na siku watakapoandika barua yao nitaweka saini yangu chini ya zao.

La tatu linatoka upande wa Ordre, kwamba tawi linaingilia kazi yake, na nataka niliseme kwa upole kwa kuwa ni nyumba yetu. Ordre imewekwa na sheria ya mwaka 2016, nasi sote tunaitambua kuwa ndiyo inayosimamia nani ana haki ya kuitwa muuguzi katika nchi hii. Tawi haliingilii hilo. Si sendika pia, haligomi na halijadili mishahara. Ni chama cha kujifunza, kinachofuata sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001 inayohusu vyama visivyo vya faida, na faili yetu ya kuomba kutambuliwa kisheria haiwezi kwenda mbele bila maoni ya kukubali kutoka wizara inayosimamia afya. Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, barua ya kutuunga mkono kutoka ofisini kwako ingetusaidia hata kama haina franka moja ndani yake.

Wala hatuombi jambo la ndoto. Hapo jirani, Rwanda, tangu mwaka 2006 wauguzi wa hospitali za wilaya vijijini wanaendesha kliniki za magonjwa sugu, na waliofunzwa wanashika wenyewe mashine ya ekografia, ya kupiga picha ya moyo, kutofautisha aina kuu za moyo kushindwa, daktari bingwa akija kwa ziara kuthibitisha. Kazi kama hiyo inahitaji muuguzi aliyefunzwa aachwe akae kwenye kliniki yake. Mwezi Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya homa ya rumatizimu na ugonjwa wa moyo unaotokana nayo. Mwezi Agosti 2022, mjini Lomé, nchi za kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, na yetu imo, zilipitisha mpango unaoitwa PEN-Plus wa kupeleka huduma za magonjwa mazito sugu, pamoja na huu wa vali, kwenye hospitali za rufaa za ngazi ya kwanza. Hospitali hizo ndizo mnazoziongoza. Bingwa wa moyo hatakaa katika kila mojawapo, hata kwa miaka ijayo. Atakayekaa ni muuguzi, na swali lililobaki ni kama mtamwacha akae.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kila hospitali ya rufaa ya mji ituandikie majina ya wauguzi wawili wa moyo, wasiohamishwa kwa miaka 3 isipokuwa kwa kosa, kwa ugonjwa au kwa kupenda wenyewe. Akihama, apewe wiki mbili za kukaa na anayempokea, daftari mezani, wagonjwa wakiwepo. Divisheni itoe waraka mmoja mfupi unaosema kwamba mkutano wa tawi ni saa ya kazi kwa anayeleta karatasi ya mahudhurio iliyosainiwa. Tutaisaini kwa uaminifu, na mkurugenzi wa uuguzi akitaka kutuma mtu kuhakikisha, aje, kiti kipo. Sisi kwa upande wetu tutaleta kila miezi 3 orodha ya mashine za presha tulizokagua, kituo kwa kituo, na orodha ya vijana wa sindano ya benzathini waliokosa tarehe zao, ili muuguzi wa kituo kilicho karibu na nyumbani kwao awatafute. Kijana anayehama kutoka mtaa wa Katuba kwenda mtaa wa Kenya, humuhumu mjini, leo anapotea kabisa, kwa kuwa kila kituo kina daftari lake na hakuna anayeuliza.

Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mchana. Tunaomba jibu kwa maandishi kutoka kwa kila mmoja aliyetajwa juu ya barua hii. Likiwa la kukataa, tuandikieni sababu, ili tujue kama turudi kwenu na hoja nyingine au tupande ngazi inayofuata.

Wenu katika kazi,

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa tawi la wauguzi wa moyo na mishipa ya damu, Lubumbashi